Pittsburgh: mji wa rekodi za kupanda

Katika mtaa wa Beechview kuna njia fupi iitwayo Canton Avenue. Urefu wake haufiki mita 200, imetandikwa mawe, na pale inapokaza mwinuko wake ni asilimia 37. Wenyeji wa Pittsburgh watakuapia kwamba Marekani nzima hakuna barabara kali kuliko hiyo, na sijasikia mtu akiwapinga. Taji la dunia ndilo linalowauma. Kitabu cha rekodi cha Guinness kimeivika Baldwin Street ya Dunedin, New Zealand, yenye asilimia kama 35, kwa kuwa kipande kikali cha Canton ni cha mita chache mno.

Ukitaka kuujua ukali wenyewe, nenda siku ya mashindano ya baiskeli. Siku hiyo washiriki hushindana kupanda vilima 13 vya mji kwa mkupuo mmoja, mchezo ulioanza mwaka 1983. Ukikanyaga chini katikati ya kilima, unarudi bondeni kuanza upya. Canton ikiwa na unyevunyevu, gurudumu la nyuma linazunguka bure juu ya mawe, baiskeli inasimama wima kama imefikiri kidogo, kisha inalala ubavu pamoja na mwenyewe. Watazamaji husogea karibu ili wawadake wanaoanguka. Mzee wa milimani Lushoto angecheka: watu wazima wanalipia taabu ambayo yeye huipata bure kila akienda gulioni.

Vilima hivyo ndivyo vilivyouzalia mji rekodi zake nyingine. Viwanda vya chuma vilishika ardhi tambarare kandokando ya mito, wafanyakazi wakajenga nyumba zao zikining'inia kwenye miteremko. Ili wafike kazini, zikajengwa ngazi. Leo mji una ngazi za umma zaidi ya 700, nyingi kuliko mji wowote wa nchi hiyo. Baadhi zimo kwenye ramani rasmi kama barabara zenye majina, kwa hiyo mgeni anayefuata ramani anajikuta ameegesha gari mbele ya vidato mia na zaidi. Aliyeko juu hubeba mfuko wake wa viazi mgongoni, theluji iwepo isiwepo.

Zaidi ya ngazi kulikuwa na mabehewa yanayovutwa kwa kebo kupanda genge. Zamani njia za namna hiyo zilizidi kumi na tano, zimebaki mbili. Ile ya Monongahela, iliyofunguliwa mwaka 1870, ndiyo kongwe kuliko zote zinazofanya kazi Marekani. Watalii huipanda kwa ajili ya picha, lakini wakazi wa Mount Washington huko juu bado huitumia kama daladala kwenda kazini.

Na madaraja? Hesabu inayotajwa ni 446, na mtu wa Pittsburgh hachelewi kukuambia kwamba yameishinda Venice. Sawa. Hamburg ina zaidi ya 2,000, lakini hilo halitajwi. Mimi naona idadi si kitu kikubwa kuliko gharama ya kuyatunza. Asubuhi ya tarehe 28 Januari 2022, daraja la Fern Hollow lilianguka bondeni likiwa na basi la abiria juu yake, siku ileile Rais Biden alipokuwa anakuja mjini kuzungumzia miundombinu. Hakuna aliyekufa. Wachunguzi walikuta miguu ya chuma imeliwa na kutu kwa miaka, na wakaguzi walikuwa wameliandika jambo hilo mara nyingi bila kazi kufanyika. Daraja jipya likasimama kabla mwaka haujaisha. Kumbe inawezekana.

Kwa "wa kwanza" nitapita haraka, maana orodha ni ndefu. Redio ya KDKA ilitangaza matokeo ya uchaguzi wa rais tarehe 2 Novemba 1920, na huhesabiwa kuwa mwanzo wa redio za kibiashara. Fainali ya kwanza ya World Series ya besiboli, mwaka 1903, Pittsburgh walicheza na Boston wakafungwa. Chanjo ya polio ya Jonas Salk, iliyotangazwa kuwa salama na yenye nguvu mwaka 1955, ilitengenezwa katika chuo kikuu cha mji huo. Jengo la madarasa la chuo hichohicho, lenye ghorofa 42, ni refu kuliko jengo lolote la elimu katika mabara ya Amerika. Watoto wa shule walichangia senti kumi kumi kulijenga.

Rekodi inayohitaji kutazamwa kwa makini ni ya ukumbi wa Civic Arena. Ulipofunguliwa mwaka 1961, ulikuwa ukumbi mkubwa wa kwanza duniani wenye paa la kufunguka: kuba la chuma cha pua ambalo vipande vyake viliteleza kimoja chini ya kingine hadi nyota zikaonekana. Ili kupata kiwanja, serikali ya mji ilibomoa upande wa chini wa Hill District, kitovu cha maisha ya Weusi na cha jazi. Watu wapatao 8,000 waliondolewa, pamoja na biashara zaidi ya 400. Mwandishi wa tamthilia August Wilson alizaliwa mtaa huo mwaka 1945, na takriban tamthilia zake zote kuu aliziweka hapo. Paa lenyewe likaja kufunguliwa kwa nadra. Ukumbi ukavunjwa kuanzia 2011, na kwa miaka sehemu kubwa ya kiwanja ikawa maegesho ya magari.

Kwa hiyo Pittsburgh ikitajwa kuwa mji bora wa kuishi Marekani, kama kitabu kimoja cha viwango kilivyofanya mwaka 1985 na wengine baadaye, uliza ni bora kwa nani. Nyumba ni za bei nafuu kuliko za miji mingi, ni kweli, kwani watu wamepungua kutoka 676,000 mwaka 1950 hadi kama 303,000 mwaka 2020. Moshi uliofanya taa za barabarani ziwashwe adhuhuri nao umeondoka. Lakini mwaka 2019 ripoti iliyotolewa na tume ya mji wenyewe ilionyesha kwamba mwanamke Mweusi angekuwa na hali nzuri zaidi karibu katika mji mwingine wowote wa ukubwa huo.

Hata hivyo, wapo wanaoingia: tangu miaka ya 2000 wamehamia huko Wabantu wa Somalia waliotoka kambi za wakimbizi za Kenya, na baadhi yao ni Wazigua ambao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka pande za Tanga karne ya 19. Jirani zao wamewafundisha sandwichi inayoshindiliwa chipsi na kabichi ndani ya mkate, meza za harusi zinazoelemewa na biskuti za kila shangazi, na sheria ya kiti. Ukishazoa theluji mbele ya nyumba yako, unaweka kiti kibovu cha jikoni barabarani kushika nafasi ya gari. Kisheria hakina nguvu yoyote. Atakayekiondoa ajue gari lake halitalala salama.