Krimu ya Ganzi Ipo, Mbona Haipakwi?

Baada ya kipindi cha juzi wengi mmenitumia voisi noti mkiuliza jambo lilelile: kama utafiti kuhusu maumivu ya watoto upo, mbona manesi bado wanachoma tu? Mimi ni nesi wa watoto hapa Toronto, kwa hiyo hili swali ni langu kabisa.

Mwaka 2011 timu ya Bonnie Stevens, profesa wa uuguzi hapahapa Toronto, ilichapisha utafiti kuhusu watoto 3,822 waliolazwa katika hospitali 8 za Canada. Ndani ya saa 24, zaidi ya robo tatu yao walikuwa wamefanyiwa angalau kitu kimoja kinachouma, kama kutolewa damu au kuwekewa dripu. Lakini chini ya theluthi moja ya hao ndio faili zao zilionyesha kwamba walipewa kitu cha kupunguza maumivu ya tendo hilo hasa. Canada hiyo, jamani!

Na vitu vyenyewe si vya ajabu. Kichanga anyonye wakati anachomwa, au apewe matone ya maji ya sukari ulimini dakika mbili kabla. Mkubwa kidogo apakatwe na mzazi badala ya kulazwa chali na kushikwa mikono na miguu. Halafu kuna krimu ya ganzi.

Sasa, nesi anajua hayo yote. Tatizo ni kwamba krimu nyingine zinahitaji karibu saa nzima, daktari anataka damu sasa hivi, na pengine lazima kwanza isubiriwe sahihi yake. Hapo semina haisaidii. Timu ya Stevens baadaye ilijaribu njia nyingine: kila wodi ichague jambo lake moja, ipime, ibadilishe kidogo, ipime tena. Wodi hizo zikaanza kupima maumivu mara nyingi zaidi. Kwetu sisi kilichosaidia ni kuruhusiwa kupaka krimu bila kumsubiri daktari, na kuihamisha toka kabatini hadi kwenye toroli. Basi!

Kuna kitu kingine ambacho wenzangu wazungu hawakioni. Mtoto asiyeweza kujieleza tunampimia kwa uso, miguu, mwili, kilio na kama anatulizika. Mtoto wa kwetu aliyefundishwa kujikaza anapata alama ndogo huku anaumia. Siku moja nilimsalimia bibi mmoja wa Tanga.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Huyu hana neno, mwanaume huyu.”

Nikachuchumaa, nikamuuliza mjukuu kwa Kiswahili: inauma kidogo au sana?

“Sana. Ila bibi kasema nisilie.”

Bibi akanyamaza. Kisha akamvuta, akampakata mwenyewe.

Kwa hiyo mkifika mapokezi na mtoto, ulizeni krimu kabla hata hamjakaa. Ile saa moja inaanza kuhesabiwa ikishapakwa.