Kaka Anapokataa Kwamba Anaumwa

Mkoani Simiyu fedha ya kaya hungoja pamba. Mavuno yakishapimwa na kulipwa, nyumba iliyokosa nauli kwa miezi mingi inaweza hatimaye kumpeleka ndugu mgonjwa wa akili kwa madaktari wa hospitali ya Bugando, Mwanza: kutoka Bariadi hadi Lamadi, kisha barabara kuu ya Musoma–Mwanza. Lakini siku ya safari mgonjwa hapandi gari. "Nani kakwambia naumwa?" anauliza, na mdogo wake aliyeshika begi hana jibu.

Ndugu wengi huona huo ni ukaidi. Sivyo. Mwaka 1914 daktari Mfaransa Joseph Babinski alieleza habari za wagonjwa waliopooza upande mmoja wa mwili ambao hawakutambua kabisa kwamba wamepooza. Hali hiyo aliipa jina la anosognosia, na leo inajulikana kwamba karibu nusu ya wenye skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili, wanayo kwa kiwango fulani. Ubongo unaoumwa ndio uleule unaotakiwa kujipima. Kaka anayesema ni mzima anaeleza anachokiona kweli.

Xavier Amador, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyajua haya nyumbani kwao kabla ya kuyaandika. Kaka yake mkubwa, Henry, alikuwa na skizofrenia na alikuwa akizitupa dawa. Xavier akabishana naye miaka na miaka, kila mmoja akizidi kumwona mwenzake adui. Alipoacha kubishana na kuanza kusikiliza, Henry alikubali dawa, ingawa hakukubali kwamba ni mgonjwa. Kitabu cha Amador kuhusu jambo hilo kilitoka mwaka 2000.

Kwa Wasukuma, wenyeji wa Simiyu, kazi hii ya kumshawishi ndugu ina uzito wake. Mdogo hamwamrishi kaka, na pengine neno la mjomba au rafiki waliyechunga naye ng'ombe litapita pale la mdogo lilipogonga mwamba. Tena kuna mfumu, mganga wa jadi, ambaye mara nyingi hufikiwa kabla ya daktari. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2003 ulikuta matatizo ya kawaida ya akili kwa karibu nusu ya waliokwenda kwa waganga, dhidi ya robo hivi ya waliokwenda kliniki. Kumtukana mfumu mbele ya mgonjwa ni kujifungia mlango. Afadhali kukubaliana kwamba dawa ya hospitali itaendelea hata kama matambiko yanafanyika.

Kinachofaa ni kuanza na shida ambayo kaka mwenyewe anailalamikia. Halali usiku? Anasikia sauti zinazomchosha? Basi safari ni ya kutafuta usingizi, na hapo hakuna uongo. Akishaanza matibabu, mtihani mwingine huja anapopata nafuu na kuona vidonge havina kazi tena; kwa baadhi ya wagonjwa sindano ya kila mwezi hupunguza ugomvi wa kila asubuhi.

Kumfunga kamba au mnyororo humwachia vidonda na kumbukumbu kwamba ndugu zake ndio waliomfunga. Akiwa hatari kwake au kwa wengine, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaruhusu alazwe bila ridhaa yake, kwa utaratibu maalumu. Mdogo mtu asisubiri panga litolewe ndipo aulize utaratibu huo. Aulize mapema kwa ofisa ustawi wa jamii au katika hospitali ya mkoa, wakati kaka bado anakula mezani na wenzake.