Utangulizi: Jino Likishatoka

Wengi huijua fani ya kung'oa meno wakiwa wameshika shavu, na hudhani kazi yote iko kwenye koleo: jino likilia kwenye sahani ya chuma, mambo yamekwisha. Mimi naona ndipo yanapoanza, na sehemu kubwa ya kitabu hiki inahusu tundu linalobaki.

Hata hivyo, tuanze na kung'oa kwenyewe. Jino halikugandana na mfupa wa taya. Limeshikwa ndani ya tundu lake na nyuzi laini zinazounganisha mzizi na mfupa. Kwa hiyo daktari mzoefu hakimbilii kuvuta. Hulikandamiza jino kuelekea mzizini, kisha hulitikisa polepole, upande wa shavu na upande wa ulimi, hadi nyuzi zikatike na tundu litanuke, kama ung'oavyo kigingi cha mbuzi kwenye ardhi ngumu. Ganzi huzuia maumivu, haizuii msukumo. Mgonjwa atauhisi mgandamizo wote na pengine kusikia mlio ndani ya taya. Aambiwe mapema, kwani hofu nyingi ya kile kiti hutokana na kutoambiwa.

Fani yenyewe ni ya kale. Al-Zahrawi wa Cordoba, yapata mwaka 1000, aliandika juu ya vifaa vya meno na kuonya kwamba maumivu humdanganya mgonjwa akaonyesha jino zima badala ya bovu. Onyo hilo bado linafanya kazi kila siku kliniki. Tarehe 11 Desemba 1844, Horace Wells, daktari wa meno wa Hartford, Marekani, alivuta gesi ya naitrasi oksaidi ili asihisi maumivu, na mwenzake John Riggs akamng'oa gego. Mwaka 1846 William Morton alitumia etha kwa lengo hilohilo mjini Boston, naye alikuwa daktari wa meno. Wapasuaji wakubwa wa moyo na ubongo husahau deni lao kwa madaktari wa meno. Lignokaini, ganzi ya sindano tuitumiayo leo, ilitengenezwa Uswidi na Nils Löfgren mwaka 1943.

Sasa tundu. Damu hulijaza na kuganda, na donge hilo ndilo bandeji, ndilo pia msingi wa nyama na mfupa mpya. Adui yake wa kwanza ni mazoea yetu ya kutematema kila mate yanapokuwa na ladha ya damu. Siku ya kwanza mgonjwa asisukutue, asinyonye kwa mrija, asivute sigara. Kesho yake aanze maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na ayaache yadondoke yenyewe mdomoni bila kuyatema kwa nguvu. Kwa kawaida maumivu hupungua siku hadi siku. Yakizidi kuanzia siku ya tatu, yakapanda sikioni, na kinywa kikanuka, yaelekea donge limetoka na mfupa umebaki wazi. Hali hiyo hutokea zaidi kwenye magego ya chini na kwa wavutaji. Wengi hukimbilia duka la dawa kununua antibayotiki. Wanachohitaji ni tundu lisafishwe na kuwekewa dawa na daktari. Fizi hufunga kwa wiki chache, lakini mfupa huchukua miezi, na ukingo wa taya husinyaa usirudi ulivyokuwa.

Kuna mambo mawili ya kwetu ambayo nimeyapa nafasi. La kwanza ni imani kwamba kung'oa jino la juu hupofusha. Mshipa wa fahamu wa kuona na ule wa meno ni mishipa miwili tofauti, kila mmoja na njia yake. Jino haling'oi jicho. La pili si la kuchekea. Nchini Tanzania na Uganda, watoto wachanga wenye homa au kuharisha wamechimbwa fizi kuondolewa kinachoitwa "meno ya plastiki". Kinachotolewa ni chipukizi la jino halisi, kwa chombo kisicho safi, huku ugonjwa wenyewe ukiachwa bila tiba. Hilo ni jeraha juu ya ugonjwa, na nimelisema hivyo bila kuzunguka.

Mwanafunzi aanze na sura ya mishipa na mifupa, hata kama inachosha. Mgonjwa aliyeng'olewa leo asihangaike na kitabu kizima: asome sura ya donge la damu, na pamba aliyopewa aiume nusu saa kamili bila kuitoa kuchungulia.