Meno ya Pikipiki na Maana Tatu za "Nguvu": Mfano wa Barabara za Kalehe

Neno "nguvu" ni miongoni mwa maneno yenye mzigo mkubwa wa maana katika Kiswahili. Mtu ana nguvu, dawa ina nguvu, sheria ina nguvu, na injini nayo ina nguvu. Katika mazungumzo ya kila siku upana huo hauleti madhara. Katika karakana ya pikipiki waweza kuyaleta, na mfano ulio wazi ni kazi ya kubadili magurudumu ya meno ili chombo kichapuke upesi au kipande mlima bila kukwama. Dereva aliyebadilishiwa meno anaposema kwamba injini yake "imeongezwa nguvu", kauli hiyo si sahihi, na anayeiamini huenda akapakia mzigo ambao chombo chake hakiwezi kuuhimili. Makala haya yanakusudia kueleza kinachobadilika na kisichobadilika katika kazi hiyo.

Katika pikipiki ya mnyororo, mzunguko wa injini hupita katika klachi na giaboksi hadi kwenye gurudumu dogo la meno lililo mbele. Kutoka hapo mnyororo huupeleka hadi kwenye gurudumu kubwa la meno lililofungwa pamoja na tairi la nyuma. Kwa mafundi wa Tanzania na Kenya yote mawili ni sproketi. Mashariki mwa Kongo, ambako msamiati wa vyombo vya moto umetokana kwa sehemu kubwa na Kifaransa, la mbele ni pinyo na la nyuma ni kurone. Kwa kuwa istilahi hizi mbili zinatenganisha kile ambacho sproketi inakichanganya, ndizo zitakazotumika hapa.

Ichukuliwe pikipiki yenye pinyo la meno 14 na kurone la meno 42. Pinyo huzunguka mara 3 ili tairi lizunguke mara moja. Pinyo likibadilishwa na kuwekwa la meno 13, uwiano huwa 3.23, yaani ongezeko la karibu asilimia 7.7. Katika gia ile ile, msukumo wa tairi juu ya ardhi huongezeka kwa kiasi hicho hicho. Mwendo nao hupungua: injini iliyokuwa ikizunguka kwa kasi ya kuipeleka pikipiki kilomita 60 kwa saa, sasa kwa mizunguko ile ile itaipeleka karibu kilomita 56. Matokeo yanayokaribiana na hayo hupatikana kwa kuliacha pinyo na kuweka kurone la meno 45. Ndiyo maana husemwa kwamba jino moja la mbele ni sawa na matatu ya nyuma, ingawa hesabu hiyo ni ya kukadiria tu.

Waendeshaji wa pikipiki za mashindano huifanya kazi hii kwa ajili ya mchapuko. Yamaha YZF-R6, kwa mfano, ilitoka kiwandani kwa miaka mingi ikiwa na meno 16 mbele na 45 nyuma, uwiano wa 2.81. Kwa pinyo la meno 15 uwiano hufika 3.00, likiongezwa na kurone la meno 47 hufika 3.13, zaidi ya asilimia 11 juu ya ule wa kiwandani. Pikipiki hutoka kwenye kona kwa ukali zaidi, lakini tairi la mbele nalo huinuka kwa wepesi zaidi. Tena, kwa kuwa nyingi za aina hiyo hupima mwendo kwenye giaboksi, kipimamwendo huanza kuonyesha mwendo mkubwa kuliko ulio wa kweli.

Pikipiki za namna hiyo si za barabara za Kalehe. Huko motari hutumia vyombo vyepesi vya silinda moja, vingi vikiwa vimetengenezwa India, kubebea abiria na mazao. Hata hivyo kanuni ya meno ni moja, na haja yenyewe ni kubwa zaidi. Ziwa Kivu liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Kutoka ufukoni, njia za kwenda nyanda za juu za Numbi hupanda hadi zaidi ya mita 2,000. Pale ziwani peke yake kanieneo ya hewa ni karibu asilimia 85 ya ile ya pwani, na injini isiyosukumiwa hewa kwa turbo hupoteza uwezo wake kwa kadiri inayokaribiana na hiyo. Pikipiki iliyopanda vizuri huko Mombasa ikiwa na watu wawili haitapanda vivyo hivyo juu ya Nyabibwe.

Hapa ndipo maana tatu za "nguvu" hazina budi kutenganishwa. Kani ni ule msukumo wa tairi, na hiyo kweli huongezeka. Uwezo ni kazi ambayo injini huifanya kwa kila sekunde. Huo hutegemea hewa na mafuta yanayoungua ndani ya silinda, na hakuna jino linaloubadili. Nishati imo katika petroli, na katika barabara tambarare hutumika zaidi, kwa kuwa injini huzunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita. Istilahi hizi zimo katika vitabu vya fizikia, wala si lazima fundi azitumie. Kiswahili cha kawaida kina vitenzi viwili vinavyotosha: kuvuta na kukimbia. Mteja akiambiwa kwamba pikipiki itavuta zaidi lakini itakimbia kidogo, amepewa maelezo sahihi kuliko yule aliyeambiwa kuhusu nguvu.

Njia mbili zilizotajwa hazilingani kwa kila jambo. Kupunguza jino mbele ni rahisi: pinyo ni la bei nafuu na mnyororo wa zamani hutosha. Lakini kadiri pinyo linavyokuwa dogo, ndivyo kila pingili inavyojikunja kwa ukali zaidi, na mnyororo wenyewe hukazwa zaidi kwa sababu injini inauvuta kutoka karibu na kitovu. Katika vumbi na matope ya Kalehe, mnyororo wa namna hiyo hautadumu. Kurone kubwa haliongezi mkazo huo, ila huenda likadai mnyororo mrefu zaidi. Vyovyote iwavyo, kufunga pinyo jipya kwenye mnyororo uliokwisha kurefuka ni kuliharibu pinyo hilo, maana pingili hazikai tena sawasawa kati ya meno.

Suala la breki aghalabu husahauliwa. Katika kuteremka, uwiano mpya huisaidia injini kuzuia mwendo, lakini breki zenyewe zimebaki zile zile. Kutoka Numbi viazi huteremshwa kwenda masoko ya kando ya ziwa, na gunia la ziada ambalo meno mapya yaliwezesha kulipakia huzitegemea breki hizo hizo katika kila kona hadi Minova.