Je, Wajua? Udongo Wenye Sumu Huoshwa, Kisha Hujenga

Mchele wenye mawe haumwagwi, unachaguliwa. Wanaosafisha viwanja vya viwanda vya zamani hufanya vivyo hivyo: hutenga sumu, kinachobaki wakajengea. Je, wajua kwamba…

1. Kutupa udongo hulipiwa mara tatu? Unalipa malori ya kuuondoa, unalipa jaa la kuupokea, kisha unanunua mwingine wa kufukia shimo. Ukisafishwa hapohapo na kurudishwa shimoni, gharama zote tatu hushuka kwa mpigo.

2. Uingereza hutoza kodi kwa kila tani inayopelekwa jaani? Ilianza Oktoba 1996 kwa pauni 7. Sasa imepita 100. Kwa miaka mingi udongo wa viwanja vinavyosafishwa uliweza kusamehewa, lakini msamaha huo ulikoma mwaka 2012. Tangu hapo, kila tani inayookolewa ni pesa mfukoni.

3. Sumu hupenda chembe ndogo? Mafuta na metali hung'ang'ania mfinyanzi na tope laini, kwa kuwa kilo moja ya chembe ndogo ina sehemu nyingi zaidi za kunatia kuliko kilo moja ya kokoto. Mchanga na kokoto hutakata upesi. Lakini kiwanja kikiwa karibu chote mfinyanzi, kuosha hakulipi.

4. Mashine ya kuoshea udongo ni ndugu wa karai la mchimba dhahabu? Mbinu zake zilitoka migodini: pipa linalozunguka, chekeche na maji ya kasi. Kizito huzama, chepesi huelea. Maji husafishwa yakatumika tena, tope lililobeba sumu hukamuliwa, na hilo tu ndilo linalokwenda jaani.

5. Bustani ya Olimpiki ya London ya mwaka 2012 ilijengwa juu ya udongo wake wenyewe? Eneo hilo la Stratford, lenye hekta zipatazo 250, lilirithi uchafu wa viwanda na majaa ya zamani. Likawekewa mitambo ya kutibu udongo iliyopewa jina la utani la "hospitali ya udongo". Takriban asilimia 80 ya udongo uliochimbwa ulitumika tena palepale.

6. Tope la bandari nalo huchaguliwa? Hamburg, Ujerumani, ina mtambo uitwao METHA, unaofanya kazi tangu mwaka 1993. Hutenganisha mchanga na tope linalozolewa bandarini kwenye mto Elbe. Mchanga huenda kwenye ujenzi. Tope lililokaushwa limetumika kuziba majaa yasivuje.

7. Kuna bakteria wanaokula dizeli? Wapo tayari ardhini. Wanachohitaji ni hewa, unyevu na lishe. Seattle, Marekani, kiwanda cha gesi kilichofungwa mwaka 1956 kiligeuzwa bustani, ikafunguliwa mwaka 1975. Msanifu Richard Haag alichanganya udongo wake na vumbi la mbao na tope la majitaka ili kuwaamsha bakteria hao. Kifusi hakikupelekwa mbali: kilirundikwa, kikafunikwa udongo mzuri, na leo watu hurushia tiara juu ya kilima hicho.

8. Risasi haina mlaji? Ni elementi, haiozi wala haivunjwi na bakteria. Hutengwa kwa kuoshwa, au hufungwa kwa saruji na chokaa isiyeyuke na kutiririka na maji. Ndiyo maana maabara haipimi tu sumu iliyomo, hupima pia ile inayochujika maji yakipita.

9. Udongo unaweza kukaangwa? Ukizungushwa kwenye tanuri, mafuta yaliyomo hugeuka mvuke unaonaswa na kuteketezwa. Hutoka safi lakini umepoteza mboji na uhai: hufaa kujazia msingi, haufai kupandia mchicha.

10. Udongo una madaraja? Mwaka 1980, katika mji wa Lekkerkerk, Uholanzi, familia zaidi ya 250 zilihamishwa baada ya kugundulika kuwa nyumba zao zilijengwa juu ya mapipa ya taka za kemikali. Baadaye sheria ya nchi hiyo iliyoanza kutumika mwaka 2008 ilitofautisha udongo safi, wa maeneo ya makazi na wa viwandani. Unaokubalika chini ya barabara ya lami huenda usikubalike penye watoto, kwani mtoto akicheza hula udongo.

11. Vipimo vikipita, jirani bado anaweza kukataa? Japani ina mita za ujazo zipatazo milioni 14 za udongo uliokwanguliwa baada ya ajali ya nyuklia ya Fukushima mwaka 2011. Serikali ilipanga ule ambao mionzi yake haizidi bekereli 8,000 kwa kilo ujazie barabara na matuta, ukiwa umefunikwa. Mpango wa kuujaribu katika bustani ya Shinjuku Gyoen, Tokyo, ulipingwa na wakazi. Mwaka 2025 kiasi cha udongo huo kikafukiwa kwenye bustani ya ofisi ya waziri mkuu mwenyewe, kuwatoa watu hofu.

12. Kuchanganya si kusafisha? Ukikoroga lori moja la udongo wenye sumu na malori tisa ya udongo safi, kipimo kitashuka. Sumu iko vilevile, sasa imeenea malori kumi.

13. Udongo wenye sumu upo hata kwetu? Owino Uhuru, Mombasa, risasi kutoka kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu ilipenya udongo na miili ya watu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya na mazingira yao yasafishwe. Kwa hiyo lori la kifusi cha bure likisimama mbele ya kiwanja chako, kabla ya kumwonyesha dereva pa kumwaga, muulize: kimechimbwa wapi, na nani amekipima?