Fahamu: Perovskaiti, utando mwembamba unaoshindana na silikoni

Paneli nyingi za sola tunazoziona juu ya mapaa zimetengenezwa kwa silikoni. Sasa wanasayansi wanaigeukia perovskaiti, kundi la fuwele zinazofyonza mwanga kwa nguvu.

Ni nyembamba kiasi gani?
Tabaka lake halifiki mikromita 1, ilhali kipande cha silikoni huzidi mikromita 100. Huanza kama kimiminika kinachopakwa juu ya kioo au plastiki, kisha hukaushwa kwa moto mdogo. Silikoni huyeyushwa kwa zaidi ya nyuzi joto 1,400.

Imefikia wapi?
Mwaka 2009, Tsutomu Miyasaka na wenzake nchini Japani walipata ufanisi wa asilimia 3.8 tu katika kugeuza mwanga kuwa umeme. Leo seli za maabara zimevuka asilimia 26. Perovskaiti ikilazwa juu ya silikoni, kila moja hunasa sehemu yake ya mwanga, na ufanisi hupita asilimia 33.

Kikwazo ni nini?
Unyevu na joto huiharibu mapema, na aina zilizo bora zaidi zina madini ya risasi, yenye sumu. Paneli ya silikoni hudumu miaka 25 au zaidi. Kwa kuwa perovskaiti haijakaribia umri huo, kwa anayenunua sola leo, silikoni bado ndiyo ya kuaminika.