Je, Wajua? Kila Mpaka Una Mwaka Wake

Ukitoka Siongiroi, katika eneo bunge la Chepalungu, huendi mbali kabla ya kufika mpakani. Huku ni Narok kwa Wamaasai. Kule, ukishapita Sotik, ni Nyamira kwa Abagusii. Watoto wetu hukua wakidhani mipaka hii iliumbwa pamoja na vilima. La, ilichorwa, na mikono ya Waingereza iliyoichora ilichora kwingine pia, hata Kupro, kisiwa alikozaliwa Barnaba wa Biblia.

Je, wajua kwamba masimulizi ya wazee wa Abagusii yanasema waliwahi kuishi Kabianga, ndani ya Kericho ya leo? Na kwamba miongoni mwetu Wakipsigis zimo koo zenye asili ya Gusii na ya Maasai? Kabla ya kumwita mtu adui, uliza kwanza ukoo wake. Huenda ni mjomba.

Je, wajua kwamba hata hivyo hatukuwa malaika? Mwishoni mwa karne ya 19 Wakipsigis walishindwa vibaya na Abagusii katika vita vya Mogori. Lakini vita hivyo viliisha, watu wakarudi kuoana na kubadilishana nafaka kwa mifugo. Mpaka wa wakati huo ulisogea na kupumua.

Je, wajua kwamba Sheria ya Ardhi ya Serikali ya Kifalme ya mwaka 1915 iliruhusu masetla kukodi ardhi kwa miaka 999? Mkataba uliotiwa saini mwaka huo ungekwisha mwaka 2914! Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 65, ilipunguza muda wa asiye raia hadi miaka 99.

Je, wajua kwamba mwaka 1919 ekari 25,000 za Kericho zilitengwa kwa ajili ya maafisa Waingereza waliojeruhiwa katika Vita Vikuu vya Kwanza? Walitaka kulima kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa. Ardhi haikurudi kwa wenyewe. Katikati ya miaka ya 1920 ilikuwa mikononi mwa kampuni za chai, Brooke Bond na James Finlay.

Je, wajua kwamba mashamba ya masetla wa Sotik yaliwekwa pia kama ukuta kati ya Wakipsigis na Abagusii? Uhuru ulipokuja ukuta uliondoka, mashamba yakagawanywa: Borabu kwa Abagusii, Sotik kwa Wakipsigis. Hapo ndipo soko la Chebilat lilipo, kwenye mstari wenyewe, na hapo ndipo nyumba zilipochomwa mwaka 1992 na tena mwaka 2008.

Je, wajua kwamba mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahususi ya kuwahamisha Talai, ukoo wa orkoiyot, kiongozi wetu wa kiroho? Mamia ya watu, wazee kwa watoto wachanga, walipelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Walikaa huko hadi uhuru ulipokaribia, na waliporudi wengi wao hawakupata hata kipande cha ardhi.

Je, wajua kwamba dawa hiyohiyo ilitumika Kupro? Mwaka 1956 Waingereza walimkamata Askofu Mkuu Makarios, kiongozi wa Wagiriki wa kisiwa hicho, wakamtupa Ushelisheli. Mwaka 1960 akawa rais wa kwanza wa Kupro huru. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alizuru Kenya na kubatiza maelfu ya watu, na seminari ya Kiothodoksi iliyoko Riruta, Nairobi, ina jina lake hadi leo.

Je, wajua kwamba Wagiriki wa Kupro walipoanza kupigana na Mwingereza mwaka 1955, yeye aliajiri Waturuki wa kisiwa hicho kwa wingi katika polisi? Kuanzia hapo risasi iliyomlenga mkoloni ilimpata jirani, na kilio cha jirani hakisahauliki haraka.

Je, wajua kwamba Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na siku 18 baadaye jenerali Mwingereza, Peter Young, akachukua penseli ya kijani na kuugawa kwenye ramani mji wa Nicosia kati ya Wagiriki na Waturuki? Ulikusudiwa kuwa mstari wa muda tu. Baada ya mapinduzi ya Wagiriki na uvamizi wa Uturuki mwaka 1974, ulirefuka ukakata kisiwa kizima, kilomita 180.

Je, wajua kwamba Sir Stafford Foster-Sutton, aliyeongoza tume ya mwaka 1962 ya kuchora mipaka ya majimbo ya Kenya, aliwahi kuwa Mwanasheria Mkuu wa Kupro? Kabla ya tume hiyo Kericho ilikuwa katika mkoa wa Nyanza, pamoja na Kisii. Baada yake tukawa watu wa Bonde la Ufa. Wakipsigis wengi walilitaka hilo, lakini mpaka wa wilaya uligeuka mpaka wa mkoa, na siasa ikapata mahali pa kusimama.

Je, wajua kwamba Kofi Annan alijaribu kuleta upatanisho kote kuwili, Kupro na Kenya? Aprili 2004 mpango wake wa Kupro ulipigiwa kura: Waturuki wengi waliukubali, Wagiriki wengi wakaukataa. Miaka minne baadaye machafuko yetu yalimleta Nairobi, na tarehe 28 Februari 2008 wakubwa wetu wakatia saini mapatano. Kupro bado imegawanyika.

Je, wajua kwamba Agosti 2022 Wakipsigis na Talai waliipeleka Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kuhusu ardhi hii ya chai? Madai hayo yanamhusu aliyechukua, si jirani wa Borabu wala wa Transmara kule Narok. Tafadhali tusiyachanganye.

Je, wajua kwamba kwa karibu miaka 30 Mgiriki na Mturuki wa Nicosia, wanaoishi umbali wa kusikia kengele na adhana, hawakuweza kutembeleana? Vizuizi vilifunguliwa tarehe 23 Aprili 2003. Watu walipanga foleni kwa saa nyingi, wengine ili tu waone mlango wa nyumba walimozaliwa.

Kesho ukienda Mulot, soko lililoketi nusu Bomet na nusu Narok, vuka ng'ambo ununue chochote, hata kama ni kitunguu kimoja. Hakuna waya wala askari wa kukuuliza pasi. Halafu jioni, kwenye kokwet, baraza la kijiji, waulize wazee mpaka ule ulichorwa mwaka gani, na nani aliyeshika penseli.